Choa kinapona, baada ya mwezi kinarudi, na nyumbani kuna paka. Tatizo liko wapi?

KauntaYaDawa

Habari zenu wakuu. Kuna aina moja ya mteja ambaye kila anayekaa kaunta ya dawa anamfahamu. Anakuja na choa cha mkononi au shingoni, anapewa krimu ya klotrimazoli asilimia 1, kinapona. Baada ya mwezi amerudi na vyoa vitatu vipya, na mtoto naye anavyo. Ukimdadisi, nyumbani kuna paka mdogo, pengine sungura. Haiwezekani krimu iwe mbovu kila mara.

Naomba mnaoijua vizuri mada hii mnisaidie: dalili zipi zinaonyesha choa kimetoka kwa mnyama na si kwa mtu? Mnyama anayeonekana mzima anahusikaje? Krimu inatosha mpaka wapi? Na nyumba isafishwe kwa kitu gani, kwa vipimo gani? Mkiweka dozi wekeni na uzito. "Kiasi kidogo" hakisaidii mtu yeyote hapa.

---

NgoziKliniki

Mkuu, anza na mahali choa kilipo. Cha mnyama kinakaa pale mnyama anapobebwa: sehemu ya ndani ya mkono, shingo, kidevu, kifua, tumbo, na kwa watoto usoni na kichwani. Vinatokea vingi kwa pamoja, vidogo, vyekundu sana, vinawasha kwelikweli, maana fangasi aliyezoea ngozi ya mnyama huamsha kinga ya mwili wa binadamu kwa nguvu zaidi. Kinyume chake, fangasi wa kati ya vidole vya miguu, wa kucha na wa kinena kwa kawaida ni wa binadamu kwa binadamu. Mteja mwenye kinena chekundu asimtupie lawama paka. Tena siku hizi kuna fangasi aitwaye Trichophyton indotineae, anayeenea kati ya watu na mara nyingi hasikii terbinafini. Choa kilichotapakaa kinenani, matakoni na tumboni na kugomea terbinafini kipelekwe maabara, si kubadilishiwa krimu ya tano.

Muda nao unasaidia kubaini chanzo: kwa binadamu dalili huanza kati ya wiki 1 na 2 baada ya kugusana na mnyama. Uliza "mnyama mpya ameingia lini nyumbani?" kabla ya kuuliza kitu kingine.

Sasa krimu. Klotrimazoli asilimia 1 au mikonazoli asilimia 2, mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4. Terbinafini asilimia 1, mara 1 au 2 kwa siku, wiki 1 hadi 2. Makosa ninayoyaona ni matatu na yanajirudia mno. La kwanza, mtu anapaka kwenye mstari mwekundu tu. Fangasi anatembea kuelekea nje, kwa hiyo paka choa chote na uvuke ukingo kwa sentimita 2 kila upande, hata kama ngozi ya hapo inaonekana safi. La pili, anaacha siku muwasho unapokoma. Wekundu ukishatoweka kabisa, endelea wiki 1 zaidi. La tatu ni nistatini: inaua kandida (fangasi wa aina ya hamira), lakini kwa choa haifanyi lolote, na bado inauzwa kama "dawa ya fangasi" bila swali.

Kuna kosa la nne linalostahili aya yake: krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni au steroidi nyingine kali. Siku ya pili muwasho umekufa, mteja anafurahi, anawashauri na majirani. Wakati huohuo kinga ya ngozi imelazwa usingizi na fangasi anakula taratibu. Duara linapoteza ukingo wake, linakuwa baka lisilo na umbo, vijipele vinachimba hadi kwenye mashina ya nywele, na kufikia hapo krimu yoyote ya juujuu haitoshi tena, mtu anahitaji vidonge. Mteja akikuambia "nikipaka kinatulia, nikiacha kinalipuka", muulize jina la tyubu kabla hujauza nyingine. Na akiacha steroidi leo, mwambie mapema kwamba kwa siku kadhaa kitawaka zaidi. Asipoambiwa, atairudia.

Kichwani ni habari nyingine kabisa. Mapunye hayatibiwi kwa krimu, maana fangasi yuko ndani ya nywele na kwenye shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Mapunye ya Microsporum canis (M. canis), fangasi wa paka na mbwa, huonekana kama mabaka ya kijivu yenye magamba, nywele zimekatika milimita chache juu ya ngozi. Ukiona vidoti vyeusi usawa wa ngozi, fikiria zaidi fangasi wa binadamu. Dawa ya M. canis ni griseofulvini, miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 6 hadi 8, na wengine huhitaji zaidi. Mtoto wa kilo 16 ni miligramu 320 hadi 400 kwa siku. Anywe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa yasiyoondolewa krimu, la sivyo sehemu kubwa ya dawa inapita tu tumboni. Terbinafini ya vidonge inafanya kazi nzuri kwa Trichophyton lakini kwa M. canis ni dhaifu, na hapa ndipo wengi wanapokwama: dawa sahihi, fangasi mwingine. Ongeza shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 mara 2 au 3 kwa wiki. Haiponyi, ila inapunguza mbegu za fangasi zinazodondoka kwa wengine. Vidonge vya ketokonazoli achaneni navyo, ini linaumia na kuna dawa salama zaidi.

Griseofulvini haipewi mjamzito wala mwenye ugonjwa wa ini. Inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mwanaume akiitumia asitafute mtoto hadi miezi 6 ipite baada ya kumaliza.

Si kila duara ni choa, lakini. Baka ambalo halihisi mguso wala joto lipelekwe kupimwa ukoma, hata kama mteja ana paka kumi. Ukurutu wa duara kwa kawaida hauna katikati iliyopona. Duara lisilo na gamba hata kidogo pia lisipewe krimu ya fangasi kwa mazoea.

---

DaktariWanyama

Nachukua swali la mnyama, na nitaanza na jambo linalokataliwa sana na wenye paka: paka anaweza kubeba mbegu za M. canis kwenye manyoya bila alama yoyote. Wengine wameambukizwa kweli ila kidonda kimejificha ndani ya sikio au kati ya vidole. Wengine wamezibeba tu kama vumbi baada ya kulala na mwenzao mgonjwa. Kwa binadamu anayemkumbatia, matokeo ni yaleyale.

Walio hatarini zaidi ni paka wa chini ya mwaka 1, wenye manyoya marefu, na waliotoka sehemu zenye wanyama wengi. Angalia pembezoni mwa masikio, juu ya macho, puani, na miguu ya mbele: nywele zilizokatika, gamba la kijivu, ngozi iliyo wazi. Kwa kawaida hajikuni sana. Paka anayejikuna mpaka damu, tafuta kwanza viroboto au utitiri. Mbwa huugua mara chache zaidi, na akiugua si lazima kwa kuambukizwa na mnyama mwenzake: fangasi Nannizzia gypsea yuko kwenye udongo, na mbwa mchimbaji anaupata puani na kwenye makucha.

Paka mwenye afya hupona mwenyewe kwa miezi 2 hadi 3 hivi. Tatizo ni kwamba siku zote hizo anapukutisha nywele zenye mbegu kwenye kila mto wa nyumba. Tunamtibu hasa kwa ajili ya waliomzunguka.

Tiba ina pande mbili na zinakwenda pamoja. Ya ndani inaua fangasi kwenye shina la nywele. Ya nje inaua mbegu zilizo juu ya manyoya. Ukitumia ya ndani peke yake, paka anapona huku akiendelea kuambukiza kwa wiki nyingi.

Ya ndani ninayoichagua ni itrakonazoli, miligramu 5 kwa kilo mara 1 kwa siku, siku 7 za dawa na siku 7 bila dawa, mara 3. Yaani wiki ya 1, ya 3 na ya 5. Dawa hukaa kwenye nywele, hivyo wiki za mapumziko nazo zinafanya kazi. Kwa ile ya maji yenye miligramu 10 kwa mililita 1, hesabu ni nusu mililita kwa kilo: paka wa kilo 3 ni mililita 1.5. Kapsuli ya binadamu ya miligramu 100 msiifungue kugawa kwa macho, ndani kuna chembechembe na huwezi kujua umempa kiasi gani. Itrakonazoli iliyosagwa na kuchanganywa upya kutoka kwenye unga nayo hainyonywi vizuri, nimeona ikitajwa mno kama njia ya kuokoa gharama. Akikataa kula au kutapika, simamisha na umrudishe kwa daktari. Paka mwenye mimba hapewi. Griseofulvini kwa paka inaweza kuangusha uboho wa mifupa, hasa mwenye virusi vya upungufu wa kinga vya paka, kwa hiyo chupa ya mtoto isihamie kwa paka.

Ya nje, mara 2 kwa wiki, mwili mzima. Mwili mzima! Kupaka krimu kwenye upara mmoja wa paka ni kama kufagia kizingiti na kuacha nyumba. Shampuu yenye mikonazoli asilimia 2 na klorheksidini asilimia 2 iachwe mwilini dakika 10 kamili kwa kuangalia saa, ndipo isuuzwe. Enilkonazoli, dawa ya fangasi ya kuogeshea, ya asilimia 10 huchanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 50, ipate asilimia 0.2, na haisuuzwi. Salfa ya chokaa ni kali na nzuri: haisuuzwi, haikaushwi kwa taulo, inanuka yai bovu, inageuza manyoya meupe kuwa ya njano kwa muda na kuharibu pete na bangili. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko kwa sababu ukali wa chupa hutofautiana. Mvike kola ya kuzuia kujilamba mpaka akauke, mahali penye joto.

Vitu vya kuepuka: mafuta ya mimea yenye harufu kali (ini la paka haliyamudu), mafuta ya taa, na klorini kwenye ngozi ya mnyama.

Lini amepona? Si siku manyoya yanapoota. Kidonda huonekana kizuri kabla mbegu hazijaisha. Nasubiri majibu 2 mfululizo ya kuotesha sampuli maabara yasiyo na fangasi.

---

MezaYaMaabara

Naongeza upande wa vipimo kwa sababu sampuli nyingi zinazoletwa hazifai.

Kwa binadamu, futa choa kwa spiriti, subiri ikauke, kisha kwangua ukingo unaotembea kwa upande butu wa kisu. Katikati pamepona, hakuna kitu. Kichwani tunataka vipande vya nywele vilivyovunjika pamoja na magamba. Nywele ndefu zilizokatwa kwa mkasi ni kazi bure. Weka kwenye karatasi kavu iliyokunjwa, si kwenye chupa yenye unyevu, maana bakteria na ukungu wa kawaida vitaota kwanza. Matone ya potasiamu hidroksidi ya asilimia 10 hadi 20 huyeyusha seli za ngozi, baada ya dakika 5 hadi 20 nyuzi za fangasi zinaonekana kwa darubini. Krimu iliyopakwa siku chache kabla inaweza kuleta jibu la uongo kwamba hakuna fangasi. Basi mteja ambaye ataenda kupimwa, msimuuzie krimu asubuhi hiyohiyo.

Kwa paka asiye na kidonda, njia rahisi ni mswaki mpya wa meno. Usugue mwili mzima kwa dakika 2 au 3, ukimalizia na sehemu yenye shaka, kisha ulete mswaki huo ndani ya mfuko safi. Kuotesha kunaweza kufika wiki 4. Kwenye kioteshi cha rangi (chakula cha kuoteshea fangasi kinachobadilika rangi), wekundu unaokuja pamoja na koloni jeupe lenye pamba ni ishara, ila ukungu wa kawaida nao hugeuza rangi ukiachwa siku nyingi, hivyo jibu ni la darubini, si la rangi. M. canis ana mbegu kubwa zenye ncha kama pia ya kusokotea uzi, kuta nene, vyumba zaidi ya 6.

Taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa urujuanimno, ni nzuri ikieleweka. Iache iwake dakika 5 hadi 10 kama ni ya balbu ya zamani, zima taa nyingine zote, isogeze karibu, sentimita chache kutoka ngozini. Unachotafuta ni shina la nywele linalong'aa kijani cha tufaha. Gamba linalong'aa, mabaki ya marashi, nyuzi za nguo, hivyo havihesabiwi. Jambo la kushika: Trichophyton wa sungura na simbilisi hang'ai. Sungura au simbilisi kutong'aa hakumaanishi chochote. Na kwa mtoto, kung'aa si uthibitisho kwamba paka ndiye chanzo, kwani Microsporum audouinii wa binadamu naye anang'aa.

---

SimbilisiNaSungura

Hapo kwenye simbilisi naongeza. Kwao mhusika ni Trichophyton mentagrophytes au T. benhamiae, na wengi hawana dalili hata kidogo. Mwenye dalili anaanza kuzunguka macho, pua na masikio. Kwa mtoto anayemshika, choa cha T. benhamiae huvimba, kinatoa usaha, na mara nyingi hupewa antibiotiki wiki 2 bila mafanikio kwa kudhaniwa ni jipu. Kalunguyeye ana wake, T. erinacei, anayeshika vidole na viganja vya anayemfuga. Glavu wakati wa kusafisha kizimba, na matandiko yafungwe kwenye mfuko hapohapo, yasikung'utwe.

---

KauntaYaDawa

Shukrani sana wakuu, hii naichapisha na kuibandika ukutani. Nina maswali yaliyobaki. Mtoto wa mapunye ameanza griseofulvini, siku chache baadaye vipele vidogo vinavyowasha vimejaa kiwiliwili na masikioni. Ni mzio wa dawa? Pili, uvimbe laini wa kichwani wenye usaha, upasuliwe? Tatu, paka anyolewe? Na bado sijapata vipimo vya kusafishia nyumba.

---

NgoziKliniki

Vipele hivyo mara nyingi ni mwitikio wa kinga dhidi ya fangasi anayekufa, havina fangasi ndani yake. Dawa iendelee, muwasho utulizwe. Mzio wa kweli wa dawa huja na homa, uvimbe wa uso au midomo, malengelenge au vidonda mdomoni, na hapo dawa isimamishwe na aende hospitali siku hiyo.

Uvimbe wa usaha kichwani usipasuliwe. Ukipasua hutoki na usaha wa maana, unaongeza kovu na upara wa kudumu. Ni vidonge vya fangasi mapema, na daktari aangalie kama bakteria wameingia pia. Shule aendelee, mradi tiba imeanza. Ndugu zake wa nyumba moja wakaguliwe vichwa, na vitana, kofia na mito visishirikiwe.

Kitu kimoja cha hatari ambacho hakijatajwa: mtu aliyekwaruzwa na paka mwenye vidonda puani au usoni, kisha akatokewa na kinundu kinachopasuka na vingine vikipanda mstari kuelekea kwapani. Hicho si choa. Fangasi Sporothrix brasiliensis anaenezwa hivyo na paka, kwa wingi Brazili, na tiba yake ni itrakonazoli kwa miezi, si krimu.

---

DaktariWanyama

Kunyoa paka mzima, kwa kawaida hapana. Mashine inamkwaruza ngozi na kila mkwaruzo ni mlango mpya, halafu nywele zenye mbegu zinaruka chumba kizima. Punguza kwa mkasi nywele zilizo kuzunguka kidonda, na umnyoe mzima pale tu manyoya yamefungamana kiasi kwamba dawa haifiki kwenye ngozi.

Nyumba. Mbegu zikikaa mahali pakavu zinaweza kuishi hadi miezi 18, ila hazizaliani kwenye sakafu. Ni uchafu unaotolewa, si ukungu unaokua ukutani. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuondoa nywele, dawa inakuja mwisho:

1. Mtenge paka kwenye chumba kimoja kisicho na zulia wala kochi la kitambaa, chenye mwanga. Asifungiwe kama mfungwa, paka mdogo anahitaji kuchezewa. Vaa mikono mirefu inayofuliwa baadaye, nawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni.
2. Kila siku ondoa nywele kwa kitambaa chenye unyevu au mashine ya kunyonya vumbi. Ufagio mkavu unazirusha hewani.
3. Mara 2 kwa wiki, osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha klorini ya kufulia ya asilimia 5: mililita 30 kwa lita 1 ya maji. Pabaki pamelowa dakika 10. Ukikuta pamekauka dakika ya tatu, hujafanya kitu, lowesha tena.
4. Nguo na matandiko yafuliwe peke yake, mara 2, mashine isijazwe. Kinachoondoa mbegu ni maji na msuguano, hivyo maji ya moto si lazima wala klorini si lazima.
5. Brashi za manyoya, nguzo za kamba za kukwaruzia kucha na vitu vya kuchezea vya manyoya, tupa.

Klorini juu ya uchafu hufa kabla ya kufanya kazi, ndiyo maana sabuni inatangulia. Changanya ya leo leo, ya jana imeshapungua nguvu. Isikutane na siki wala dawa yenye amonia, hewa inayotoka inaumiza mapafu. Na usiimwage palipomwagika mkojo wa paka kabla hujapaosha, kwa sababu mkojo nao una amonia.